Kindi Niliyemchelewesha Kula

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa kitenge, sufuria tatu za kupangana na saa ya ukutani. Saa! Mtu nimeangalia saa miaka thelathini na nne: dozi ya saa nne, mapigo kwa dakika, uchungu umeanza saa ngapi. Siku ninayoruhusiwa kuacha kuiangalia ndiyo mnanipa kubwa kuliko zote nilizowahi kumiliki. Nimeitundika sebuleni, hapa Morogoro Mjini, bila betri. Kila mgeni anayeingia anaambiwa ni saa nne na robo, na anashukuru kwamba hajachelewa.

Mkasema pia niwaandikie mambo ya kazini. Sawa, ila vyeo na mshahara mtanisamehe. Vyeo vilikuwa viwili na mshahara mnaujua. Nitaandika habari ya kindi. Najua mmeshaanza kucheka, maana hadithi ya Nesi Mwajuma na kindi wake imezunguka Mgeta yote, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi. Mmoja wenu nimemsikia akisema kindi alikuwa anaitikia jina lake kwenye foleni ya chanjo. Uongo mtupu. Lakini hadithi yenu ina kipande kinachokosekana, nacho ni kosa langu kwa sababu sikuwahi kukisema. Mwaka ule ule nilikaribia kumpoteza mtoto wa mtu, mtoto asiye na ugonjwa wowote, kwa mdomo wangu mwenyewe. Bila yule kindi nisingejua mpaka siku ya kuzika.

Nianze mwanzo, ili mjue mdomo huo ulitoka wapi.

Mimi ni mtoto wa mjini. Milima ya Uluguru niliiona kila asubuhi tangu nazaliwa, na sikuwahi kuipanda mpaka Serikali iliponiambia nipande. Nilipangiwa zahanati yetu kule Mgeta nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita, mkunga mpya mwenye cheti ambacho wino wake haujakauka vizuri. Nilipata lifti ya lori lililokuwa linarudi kuchukua kabichi. Tukapita Mzumbe, lami ikaisha, tukaanza kupanda, na kila kona dereva alikuwa ananihakikishia kwamba hii ndiyo mbaya ya mwisho. Niliposhuka nilikuwa nimevaa gauni jepesi na viatu vya kisigino vilivyo wazi, na ukungu ulikuwa umefika mlangoni.

Aliyenipokea alikuwa Mama Leoni, mkunga mkuu wa zahanati, mjane, mzaliwa wa kijiji kile kile. Aliviangalia viatu vyangu, akasema vitarudi mjini kabla yangu. Kisha akaingia ndani akatoka na sweta lake la kahawia, zito, lililoshonwa viwiko mara mbili, akanivika kwa mikono yake. Sweta hilo sikuwahi kulirudisha. Likumbukeni, litarudi tena kwenye habari hii.

Mama Leoni alikuwa na vifaa vichache na alivitunza vyote. Ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni aliifunga kwenye kitambaa cha kanisani. Kabla hajamgusa mama mjamzito alitia viganja kwapani vipate joto, maana kule milimani mkono wa nesi asubuhi ni barafu, na mama akishtuka tumbo linakaza usisikie kitu. Hilo mnalifanya wote siku hizi na wengi hamjui limetoka kwa nani. Alisema kwa sauti ya chini sana hata wamama ilibidi wainame kumsikia, na mtu aliyeinama hawezi kubishana.

Wiki yangu ya kwanza alinifundisha jambo moja ambalo nililisikia kwa sikio moja tu. Nilimkataza mama mmoja kubeba kuni baada ya kujifungua. Mama alipotoka, Mama Leoni aliniuliza, "Atabeba lini?" Nikasema sijui, akipona. Akaniambia, "Ukimkataza mtu kitu, mpe na siku ya kukiruhusu, halafu arudie mwenyewe kwa mdomo wake. Vinginevyo umemfunga na ufunguo umeondoka nao." Nikaitikia ndiyo mama, vile vile ninavyowaona nyie mkiitikia.

Miaka ikaenda. Mama Leoni akastaafu, akalima magimbi yake, akafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikabaki na sweta na pembe. Sauti ya chini sikuirithi. Nilikuwa mkali, wacha niseme wazi. Wamama waliniita Nesi Pilipili, na nilijifanya sijui huku najisikia vizuri. Nilikuwa na sababu zangu. Watoto wa miezi miwili walikuwa wanapewa uji, maji ya visima, chai ya rangi, halafu wanaletwa kwangu wanaharisha, macho yameingia ndani. Nikaanza vita. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Niliimba hivyo kwenye benchi la kliniki kila Jumanne na Alhamisi mpaka kuku wa jirani walijua. Na vita nilikuwa naishinda. Kuharisha kulipungua, nikazidi kuupenda mdomo wangu.

Sasa ndipo anaingia Oliva. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini, mkimya, uzazi wake wa kwanza nilimzalisha mwenyewe, mtoto wa kike akaitwa Editha. Editha alipofika miezi minne, Oliva alimleta kliniki, uzito mzuri, mstari wa kadi yake uko kwenye kijani. Ila kidevuni kulikuwa na uji mkavu. Mama mkwe alikuwa amemwonjesha asubuhi. Basi nikawaka. Nilimsimamisha mbele ya benchi zima, nikaonyesha kidevu cha mtoto kwa kila mtu kama ushahidi mahakamani, nikamwambia, "Usithubutu kumtia kitu mdomoni mtoto huyu mpaka mimi mwenyewe nikwambie. Umenielewa?"

Akasema ndiyo mama, macho chini. Sikumwambia arudie. Siku sikumpa. Nikaita anayefuata.

Mwezi uliofuata hakuja, wala mwezi wa baada ya huo. Niliulizia, nikaambiwa amehamia shamba la juu na mumewe, kule karibu na msitu, wanalima njegere. Nikasema atashuka tu, nikaendelea na kazi. Wengi hupotea msimu wa kulima, na kitabu changu kilikuwa na majina mengine mengi.

Miezi kadhaa baadaye ukavuma upepo uliong'oa mti wa mgrevilea wa Babu Pius. Babu Pius mnamjua, mwenye mbuzi wa maziwa, mgonjwa wangu wa presha asiyekosa tarehe. Asubuhi yake alikuja akapanga foleni, zamu yake ilipofika akavua kofia yake ya sufu akaiweka mezani kwangu. Nikamwambia babu, presha hatupimi kwenye kofia. Akasema nitazame ndani. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya waridi, kirefu kuliko kidole gumba kidogo tu, macho yamefumba, manyoya bado ni vumbi tu mgongoni, na mkia mwembamba kama uzi wa viatu. Mti ulianguka na kiota, mbwa wake akamuwahi mama mtu.

"Sasa mimi nifanye nini, babu?"

"Nyie si ndio mnaolea njiti?"

Nilikuwa na majibu mengi, na foleni ndefu. Lakini nilikigusa, kikawa cha baridi, na mkono wangu ukafanya kazi bila kuniuliza. Mtoto njiti akija baridi halishwi kwanza, anapashwa. Nikakitia kifuani ndani ya sweta la Mama Leoni, ngozi kwa ngozi, nikampima Babu Pius presha yake. Ilikuwa imepanda, kwa sababu ya mbwa.

Kabla hamjaanza kunipigia simu: kindi hakukanyaga chumba cha kujifungulia, wala cha chanjo. Mchana ule ule alihamia nyumbani kwangu, pale uani kwa zahanati, kwenye boksi la glavu lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Na nilimpigia bwana wanyamapori wa wilaya. Alicheka mpaka akakohoa, akaniambia nimlee, akishaweza kujitafutia nimrudishe msituni, nisimzoeze watu kupita kiasi. Hilo la mwisho lilinishinda.

Nitawapa utaratibu, maana ipo siku mtaletewa kofia nanyi. Kwanza joto. Pili maji ya chumvi na sukari, ya vuguvugu, tone moja moja, mpaka ngozi ya mgongoni ukiivuta irudi upesi. Ndipo maziwa. Ya ng'ombe nilijaribu mara moja akaharisha, nikaacha. Ya mbuzi wa Babu Pius yalimkubali. Nilimpa kwa bomba la sindano dogo kuliko yote, bila sindano yenyewe, amelala kifudifudi kiganjani. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu maziwa yanaingia kwenye mapafu na umemwua. Na baada ya kila mlo unachukua pamba yenye maji ya vuguvugu unamsugua taratibu chini ya mkia, kwa sababu peke yake hawezi kukojoa, mama yake humlamba. Hilo nililijua siku ya pili, tumbo limeshajaa kama ngoma, nikakumbuka ng'ombe anavyomlamba ndama wake. Alikojoa kikombe kizima, au ndivyo ilivyoonekana. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwenye harusi yangu.

Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Usiku sitausimulia, wenye watoto mnaujua.

Mizani ya kliniki haikumtambua, nilimning'iniza mshale haukutikisika. Nikaenda duka la pembejeo, wana mizani ndogo ya kupimia mbegu za karoti. Gramu thelathini na mbili. Nikamfungulia kadi ya kliniki, kadi iliyoharibika pembeni, msinihesabie. Mahali pa jina nikaandika Kindi, mama marehemu, mlezi M. Kila Jumamosi nilimpima na kuchora mstari wake. Ilikuwa kwa raha zangu, lakini nikaisahau kadi mezani, na mganga mfawidhi wetu, kijana makini, akaikuta. Alinijia mbio akiwa amekunja uso, anauliza mtoto huyu wa gramu arobaini na nane yuko wapi na kwa nini hajapewa rufaa.

Kindi akafumbua macho. Akaota manyoya ya kahawia, mkia ukajaa. Nikamjengea kwenye tenga la nyanya, juu nikafunga chandarua kilichochoka. Alinijua kwa sauti, nikiingia anapanda sweta mpaka begani. Wakati wote huu maziwa, maziwa tu, na mstari unapanda vizuri.

Kisha ukaacha kupanda. Jumamosi moja ulilala, ya pili ukainama. Akawa analing'ata bomba na kugeuza uso. Miguu ya nyuma ikaanza kutetemeka, akirukia ukingo wa tenga anakosa. Niliogopa. Nikayafanya maziwa mazito zaidi, nikaongeza mara za kumlisha, nikamshika kichwa nimtie kwa nguvu, akatema yote kwenye mkono wangu. Kichwani kwangu halikuja hata mara moja wazo la chakula kingine. Nikiandika hapa nacheka, lakini wakati ule sikuwa nacheka: miaka yote hiyo nimeimba miezi sita, na mnyama huyu hajafika hata miwili. Wimbo ulikuwa umeniingia mwenyewe.

Ilikuwa alasiri ya siku isiyo ya kliniki, nimekaa barazani nahangaika na bomba, ndipo alipotokea Oliva. Alikuwa amejikata kiganja na panga shambani, kimeanza kuoza. Baadaye alinieleza kwamba alichagua siku ile makusudi, benchi liwe tupu. Alinisalimu shikamoo kwa mbali. Mgongoni alikuwa na mtoto aliyefunikwa khanga mpaka kichwani. Nilimuuguza kidonda pale pale barazani, nikiwa nimemweka kindi kwenye mapaja, na nikiwa mpole kwa sababu nimechoka.

Oliva alimtazama kindi muda mrefu. Halafu akasema, kwa sauti ya Mama Leoni kabisa, "Mama, huyu ana meno."

Nikasema naona.

"Basi si atafune. Maziwa ameshayachoka."

Akafungua kifundo cha khanga kilichokuwa na kipande cha gimbi la kuchemsha, chakula chake cha njiani, akamega kidogo akakiweka juu ya sakafu. Hakumpa mkononi. Alikiweka, akageuka upande wa pili kama mtu asiyehusika. Kindi alishuka mapajani kwangu, akanusa, akakishika kwa mikono yote miwili, akaanza kula. Alikula akiwa ameketi wima kama mzee wa baraza. Machozi yalinitoka, nayo yalikuwa ya furaha na ya aibu, maana mkunga mzima nimefundishwa kumwachisha mtoto ziwa na binti niliyemgombeza.

Nilipokuwa najifuta machozi khanga ikasogea, na mkono wa mtoto ukatoka ubavuni mwa Oliva kuelekea lile gimbi. Mkono mwembamba, wenye vidole virefu. Oliva akaushika kwa upole, akaurudisha ndani ya khanga, akasema, "Bado, mwanangu."

Nikauliza, "Bado nini?"

Aliona haya. Akaangalia kidonda chake. "Bado hujaniambia," akasema. "Ulisema nisimtie kitu mdomoni mpaka wewe mwenyewe uniambie."

Nilimtoa Editha mgongoni kwa mikono yangu. Alikuwa na miezi kumi na siku kadhaa. Kichwa kikubwa, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, matako yamekunjamana. Nilimpeleka kwenye mizani nikijua nitakachokiona. Mstari ulioachwa kwenye kijani ulikuwa umevuka kijivu chote na kukaa juu ya wekundu. Tangu siku ile ya uji mtoto yule hakuonja kitu ila ziwa la mama anayelima kutwa. Mama mkwe aligomba mpaka akachoka, Oliva akamjibu Nesi kakataza. Alitaka kuja kuniuliza. Alifika mpaka kwenye mwembe wa kanisa siku moja ya kliniki, akasikia sauti yangu, akarudi.

Vijana wangu, nimezalisha wakati wa mafuriko, nimeshika taa kwa meno, nimempoteza mama mmoja mikononi ambaye mpaka leo namwota. Hakuna siku niliyojisikia vibaya kama ile, kwa sababu siku nyingine zote kulikuwa na kitu kingine cha kulaumu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya zahanati. Nikamwambia, "Nisamehe, Oliva. Kosa ni langu lote." Na yeye, maskini, akaanza kunibembeleza mimi, ati labda alinisikia vibaya. Nikamwambia hapana, alinisikia vizuri sana.

Nikampa siku kumi na nne. Mshale ukipanda, tunaendelea. Usipopanda, nawashusha wote wawili mjini hospitalini, nami nakwenda nao. Nilimwambia arudie, akarudia. Akatuma ujumbe kwa mumewe, akakaa kwenye chumba changu cha pili.

Haikuwa rahisi. Mtoto ambaye hajazoea kijiko haamini kijiko. Nilimpondea gimbi na njegere, nikatia karanga zilizotwangwa na maziwa ya mbuzi, akafunga mdomo kama mlango wa benki. Nilisogeza, akalia. Nilibembeleza, akatema. Wiki ya kwanza ikaisha, mshale uko pale pale, na nikaanza kupanga nguo zangu za safari. Usiku nilimsikia Oliva akisali chumbani.

Wakati huo huo kindi alikuwa anakula kama amelipiwa. Kila siku kitu kipya: karoti, pera, ganda la yai lililosagwa ili kuimarisha ile miguu iliyotetemeka, majani, vijiti vya kutafuna, na jua la asubuhi barazani. Jambo moja nililiona kwake. Nikimsogezea chakula usoni anakimbia. Nikikiweka na kushughulika na mambo yangu, anakuja mwenyewe. Ndivyo Oliva alivyofanya siku ya kwanza, na mimi nilikuwa na haraka ya kulia nisione.

Siku ya tisa nikaweka mkeka mbele ya tenga, Editha juu yake, bakuli lake dogo la gimbi na njegere za kuponda pembeni, na nikamwambia Oliva tumenye njegere zetu tusimtazame mtoto. Ilinigharimu, maana mimi ni mtu wa kutazama. Ndani ya chandarua kindi alikuwa anabandua ganda la njegere, anatupa ganda huku, anatafuna huku. Editha akamkodolea macho. Akacheka, mara ya kwanza namsikia akicheka. Halafu akatia mkono wake mzima kwenye bakuli na mkono ule ukaenda mdomoni. Oliva akanishika goti, akalifinya kwa ule mkono wenye kidonda, na hatukugeuza shingo. Tukaendelea kumenya mpaka bakuli lake likawa tupu. Njegere siku hiyo tulimenya za kutosha kijiji kizima.

Siku ya kumi na nne nilimning'iniza kwenye mizani huku nimefumba jicho moja. Gramu mia mbili juu. Nilipiga kigelegele ndani ya zahanati ya Serikali, saa za kazi, na mganga mfawidhi akatoka na stethoskopu mkononi kutazama nani amejifungua.

Editha hakupona kwa siku moja. Aliletwa kliniki kila wiki, kisha kila mwezi, na ilichukua karibu mwaka mstari kurudi kwenye kijani. Lakini alirudi. Na mimi nikarudi kwa Mama Leoni. Tangu hapo, mnakumbuka wenyewe, hakuna mama aliyetoka chumbani kwangu bila kurudia maneno kwa mdomo wake na bila tarehe kwenye kadi: lini aanze, lini aache, lini aje hata kama hana shida. Mlikuwa mnanung'unika kwamba nawachelewesha foleni. Nilikuwa nawasikia. Na wimbo wa miezi sita uimbeni, ni wa kweli, ila una ubeti wa pili, na ubeti wa pili unaanza siku ile ile miezi sita inapotimia.

Kindi tulimpeleka shamba la juu kwa Oliva, ukingoni mwa msitu, ndani ya tenga lake. Tulilifungua tukaliacha chini ya mti na chakula ndani, bila kumtoa. Siku tatu alitoka na kurudi kulala. Ya nne hakurudi. Nililia kidogo, halafu nikamfokea Oliva ili asione: kindi wangu huyu akija mahindini usimfukuze, mpaka nikwambie.

Wiki iliyopita, hapa sebuleni, saa nne na robo, simu ikalia. Oliva. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za mlimani, nzuri tu ila kuna jambo. Kindi wangu amekula mahindi mabichi, mstari mzima, na sasa anakuja na wenzake. Kama ni yule yule au ni ukoo wake sijui, Oliva anaapa ni yule, anamjua kwa anavyokaa.

Nikamwuliza, sasa miaka mitatu yote hiyo unamtazama tu anakula?

"Ulisema nisimfukuze mpaka wewe uniambie," akasema. "Na tarehe hukunipa, mama. Tena."

Akacheka kwa nguvu, yule binti mkimya, mpaka nikausogeza mkono wenye simu mbali na sikio. Nami nikacheka, nikamwambia mfukuze leo hii, na urudie nisikie. Akarudia. Nyuma yake nikasikia sauti ndogo inapinga, mdomo umejaa, kindi asifukuzwe.

Nikauliza Editha anakula nini.

"Mahindi," Oliva akasema. "Yale aliyobakiziwa."